KUMKUMBUKA BABU: MAFUNZO YA AMANA KUTOKA KATIKA MAISHA YA ASKARI MSTAAFU

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba wake na wote waliofuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Katika somo hili tutazungumzia jambo ambalo hakuna nyumba isiyofikwa nalo, nalo ni kumkumbuka mzee aliyetutangulia mbele ya haki. Wengi wetu tumezoea kuwakumbuka wazee wetu kwa kusimulia sifa zao na kutunza picha zao. Lakini hapa pana maswali mawili ya kujiuliza. Je, maiti mwenyewe anafaidika na nini katika kumbukumbu zetu? Na mjukuu aliyebaki anajifunza nini?

Ili tujibu maswali haya tutayatazama maisha ya mzee mmoja wa mtaa wetu hapa Tanga, askari polisi mstaafu, babu wa wanafunzi wanne wa madrasa yetu. Jina lake hatuliandiki, kwa kuwa familia yake imetuomba hivyo, na sababu ya ombi hilo itafahamika mbele ya somo. Watoto wa mtaa walimwita Babu Afande, nasi tutamwita hivyo hivyo.

Makusudio ya somo: Baada ya kusoma somo hili, mwanafunzi aweze:
(a) kueleza kwa nini cheo na kazi ni amana;
(b) kutofautisha haki ya Mwenyezi Mungu na haki za waja;
(c) kutaja mambo ambayo familia inapaswa kumfanyia mzee wao baada ya kufariki.

1. BABU AFANDE ALIKUWA NANI?

Babu Afande alipata mafunzo yake katika chuo cha polisi Moshi, kisha akapangiwa vituo mbalimbali vya bara na pwani. Alianza akiwa konstebo na akamaliza utumishi wake akiwa sajenti. Hakuwa na cheo kikubwa na wala hakurudi nyumbani na mali nyingi. Alirudi na kiinua mgongo chake, sanduku la bati, na filimbi ya kazini ambayo alisema ndiyo kumbukumbu yake pekee.

Baada ya kustaafu aliishi maisha ya utaratibu kama yuko kazini. Aliamka kabla ya adhana ya Alfajiri, akawagongea wajukuu mlango mmoja baada ya mwingine. Kanzu yake aliipiga pasi mwenyewe. Na kila siku ilipofika saa nane mchana, wakati watoto wanapokuja madrasa, alisimama kando ya barabara akiwa na filimbi yake, akasimamisha magari na pikipiki mpaka mtoto wa mwisho avuke. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Mvua ikinyesha alikuja na mwavuli, na mwezi wa Ramadhani alisimama pale akiwa na saumu yake.

Wapo waliodhani kwamba mzee anakumbuka kazi tu. Lakini sisi tunajua kutokana na Hadithi ya Abu Huraira (R.A.), iliyopokelewa na Muslim, kwamba imani ina matawi mengi, na miongoni mwake ni kuondoa udhia njiani. Ikiwa kuokota mwiba ni katika imani, basi kumkinga mtoto na gari linalokuja kwa kasi ni jambo kubwa zaidi.

2. CHEO NI AMANA

Katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuzirudishe amana kwa wenyewe, na tunapohukumu baina ya watu tuhukumu kwa uadilifu. Wanazuoni wanaeleza kwamba amana si fedha iliyowekwa kwako tu. Cheo pia ni amana, funguo za ofisi ni amana, na nguvu uliyopewa juu ya watu wengine ni amana nzito kuliko fedha.

Baadhi ya wanafunzi hudhani kwamba kazi ya uaskari ni jambo la serikali za leo tu na haina nafasi katika historia ya Uislamu. Si kweli. Katika Sahihi Bukhari, Anas (R.A.) anaeleza kwamba Qays bin Saad (R.A.) alikuwa mbele ya Mtume (S.A.W.) kwa daraja ya mkuu wa askari mbele ya kiongozi. Qays alikuwa mtoto wa Saad bin Ubada, mkubwa wa kabila la Khazraj wa Madina. Alisifika kwa nguvu na pia kwa ukarimu. Vitabu vya historia husimulia kwamba aliwahi kuugua, akaona watu hawaji kumtazama. Alipouliza akaambiwa kuwa wengi wana deni lake na wanaona haya. Hapo akaamrisha itangazwe kwamba kila mwenye deni lake amesamehewa, na watu wakafurika nyumbani kwake. Basi askari wa mfano katika Uislamu ni mwenye nguvu na huruma pamoja.

Amana ya mtumishi huharibika zaidi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kula kwa kutumia cheo. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Humayd As-Saidi (R.A.) kisa cha mtu aliyetumwa na Mtume (S.A.W.) kukusanya zaka. Aliporudi akazigawa mali mafungu mawili: hili ni lenu, na hili nimepewa zawadi mimi. Mtume (S.A.W.) akapanda mimbari akakemea, akauliza: mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, je, zawadi hiyo ingemfuata? Kipimo hiki ni chepesi na kila mtumishi anaweza kukitumia. Kitu ulichopewa, je, ungepewa kama usingekuwa kwenye kiti hicho? Ikiwa jibu ni hapana, basi si zawadi hata kikiitwa chai, asante au nauli.

Wajukuu zake wanasimulia kwamba Babu Afande alikuwa mkali sana katika jambo hili. Ndugu za mtuhumiwa walipofika kaunta na fedha iliyokunjwa mkononi, aliwaambia warudishe mfukoni, kwani dhamana haiuzwi. Aliyejeruhiwa alipokuja kuchukua fomu ya PF3 ili akatibiwe, hakumzungusha. Na kielelezo chochote kilicholetwa kituoni, hata kikiwa jogoo, alikiandika kwenye daftari siku hiyo hiyo, ili mwenyewe asije akaambiwa kimepotea.

Njia ya pili ni kuwaonea watu kwa nguvu uliyopewa. Muslim amepokea kwamba Swahaba Hisham bin Hakim (R.A.) alipita katika nchi ya Sham akaona watu wamesimamishwa juani kwa ajili ya kudaiwa kodi. Akasema kwamba alimsikia Mtume (S.A.W.) akieleza kuwa Mwenyezi Mungu atawaadhibu wale wanaowaadhibu watu duniani. Kisha akaingia kwa amiri wa sehemu ile akamweleza, na amiri akaamrisha watu wale waachiwe. Zingatieni kwamba waliosimamishwa juani walikuwa wakidaiwa kweli. Pamoja na hivyo, deni lao halikuhalalisha kuteswa.

Kwa njia hii ya pili Babu Afande aliteleza, nako kuteleza kwake ndiko kunakotupa fungu kubwa zaidi la somo hili.

3. HAKI YA MTU HAIFUTWI KWA ISTIGHFARI PEKE YAKE

Miaka michache kabla ya kufariki, Babu Afande alikuja madrasa baada ya swala ya Isha, akauliza suala moja. Mtu aliyemdhulumu mwenzake zamani sana, akatubia kwa Mwenyezi Mungu, akaswali na kufunga miaka yote hiyo, je, ameshasalimika?

Jawabu la suala hili linajulikana. Toba ina masharti matatu: kuliacha kosa, kujuta, na kuazimia kutolirudia. Lakini kosa likihusu haki ya mja, linaongezeka sharti la nne, nalo ni kumrudishia mwenyewe haki yake au kumtaka radhi. Katika Hadithi ya Abu Huraira (R.A.) iliyopokelewa na Bukhari, Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kwamba aliyemdhulumu ndugu yake katika heshima yake au jambo lolote ajitakase leo, kabla haijafika siku ambayo haitakuwa na dinari wala dirhamu. Na katika Hadithi nyingine iliyopokelewa na Muslim, amemweleza muflisi wa umma wake kuwa ni mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, lakini amemtukana huyu, amemsingizia yule, amekula mali ya huyu na amempiga yule. Wote hao watalipwa kutoka katika mema yake, na yakimalizika atabebeshwa madhambi yao.

Mzee aliposikia neno kupiga aliinamisha kichwa, kisha akaeleza kisa chake.

Alipokuwa konstebo kijana katika kituo kimoja cha bara, iliripotiwa baiskeli imeibwa. Siku ya pili akamkamata kijana akisukuma baiskeli inayofanana nayo, akamleta kituoni. Mama wa kijana akaja mbio huku akifungua pindo la kanga, akatoa risiti ya duka. Kijana naye alikuwa akisema kwa sauti kubwa kwamba baiskeli ni yake. Babu Afande, kwa hasira ya ujana na kwa kuona anapigiwa kelele mbele ya watu, akampiga kofi kabla hajaisoma risiti. Alipoisoma akakuta ni kweli. Kijana akaachiwa, akaondoka na mama yake, na hakuna aliyewaambia samahani. Kwenye daftari la kituo liliandikwa tukio la baiskeli. Kofi halikuandikwa popote.

Mzee alisema kwamba kwa miaka mingi alijifariji kuwa ni kofi moja tu, na kwamba wenzake walifanya makubwa kuliko hayo. Lakini alipozeeka, kila aliposikia aya za hisabu alimwona yule mama na risiti yake.

Baada ya kupata jawabu hakukawia. Alitoa fedha ya nauli katika pensheni yake, akamchukua mjukuu wake wa kiume aliyekuwa na miaka 12, wakapanda basi la alfajiri. Walipofika wakaulizia kwa wazee wa msikiti, na siku ya pili wakampata. Yule kijana alikuwa sasa mtu mzima, mkulima, naye ana wajukuu wake. Babu Afande akajitambulisha, akaeleza alichokifanya, akaomba radhi.

Yule mtu alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema kofi lenyewe alishalisahau. Kitu ambacho hakukisahau ni kwamba alipigwa mbele ya mama yake, na mama yake ana ushahidi mkononi. Akaomba apewe muda mpaka baada ya Alasiri. Alasiri ilipoingia akarudi na watoto wake wakubwa, akamwambia mzee ayarudie maneno yake mbele yao, kwani wapo watu waliowahi kuwaambia kuwa baba yao alikuwa mwizi wa baiskeli. Babu Afande akasimama, akayarudia yote, neno kwa neno. Hapo yule mtu akampa mkono na kusema amemsamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu.

Mama yake alikuwa ameshafariki. Wakenda wote kaburini, wakamwombea dua, na Babu Afande akatoa sadaka kwa niaba yake. Hivi ndivyo wanavyoelekeza wanazuoni pale mwenye haki anapokuwa amefariki: muombee msamaha, mtendee wema kwa kumtolea sadaka, na ikiwa haki ni mali basi wapewe warithi wake.

Njiani wakati wa kurudi, mjukuu alimuuliza babu yake kama hakuona haya kusimama mbele ya vijana wale. Mzee akamjibu kwamba aliona haya sana, lakini haya ya siku ile mbele ya watu sita ni nyepesi kuliko haya ya Siku ya Kiyama mbele ya viumbe wote.

4. BABU NA WAJUKUU ZAKE

Wengine hudhani kwamba mzee aliyezoea gwaride hawezi kuwa mpole nyumbani. Ukali na upole kila kimoja kina mahali pake, na mfano wetu mwema katika hili ni Mtume (S.A.W.). Yeye mwenyewe alilelewa na babu yake, Abdul Muttalib, baada ya kufiwa na mama yake akiwa na miaka 6, mpaka babu huyo naye alipofariki yeye akiwa na miaka 8. Na alipokuwa babu, aliwafanyia wajukuu zake mambo ambayo Waarabu wengi wa wakati ule hawakuyazoea.

Abu Qatada (R.A.) ameeleza, katika Hadithi iliyopokelewa na Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) aliswali huku amembeba mjukuu wake Umama binti Zaynab. Alipokwenda kusujudu alimweka chini, na alipoinuka alimbeba tena. Siku nyingine alimbusu mjukuu wake Hasan mbele ya Al-Aqra bin Habis. Al-Aqra akasema kwamba yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume (S.A.W.) akamjibu kwamba asiyehurumia hatahurumiwa. Na alipoletewa mtoto wa binti yake akiwa katika kukata roho, macho yake yalitiririka machozi. Alipoulizwa na Saad bin Ubada, akaeleza kuwa hiyo ni rehema ambayo Mwenyezi Mungu ameiweka katika nyoyo za waja wake.

Babu Afande aliifuata njia hii kwa kadiri yake. Alikuwa na wajukuu wawili waliofiwa na baba, akawachukua kuishi naye. Jioni aliwasikiliza Juzuu Amma kila mmoja kwa zamu yake. Naye pia alikuwa mwanafunzi wao, kwa kuwa ujana wake ulipita katika malindo na doria za usiku na hakupata kusoma tajwidi vizuri. Akikosea, mjukuu wa miaka 9 alimsahihisha, naye alirudia bila ya kukasirika. Wapenzi wanafunzi, ukimsahihisha babu yako fanya kwa adabu. Nanyi wazee, mkisahihishwa msione mmevunjiwa heshima.

5. BABU ALIPOFARIKI

Babu Afande alifariki nyumbani kwake baada ya kuugua kwa wiki mbili. Aliswaliwa Adhuhuri na akazikwa siku hiyo hiyo. Mjane wake alikaa eda miezi 4 na siku 10 kama ilivyo katika Surat Al-Baqara, aya ya 234.

Baada ya mazishi yalitokea mambo mawili yenye mafunzo.

Jambo la kwanza: Deni na wasia. Chini ya mto wake lilikutwa daftari la shule ambalo ndani yake ameandika anachodaiwa na anachodai. Alidaiwa shilingi 6,000 na muuza mkaa na shilingi 15,000 na duka la dawa. Watoto wake walizilipa kabla ya kaburi kukauka. Tunajua kutokana na Hadithi ya Salama bin Al-Akwa (R.A.) iliyopokelewa na Bukhari, kwamba ililetwa jeneza ya mtu mwenye deni la dinari 3 ambaye hakuacha kitu. Mtume (S.A.W.) akawaambia Maswahaba wamswalie wao, mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile, ndipo akamswalia.

Ndani ya daftari ulikuwamo pia wasia, wenye sahihi yake na mashahidi wawili. Baba wa wale wajukuu mayatima alifariki kabla ya babu, na wao wana ami zao walio hai. Katika sheria ya mirathi, mtoto wa kiume wa marehemu humzuilia mjukuu asirithi. Watu wengi hawalijui jambo hili, na mayatima hujikuta hawana fungu, ndipo ugomvi unapoanza. Babu Afande aliliuliza mapema, akawausia wajukuu hao sehemu ya mali yake, kwa kuwa wasia huandikiwa asiyekuwa mrithi, na usizidi theluthi. Mpaka huu wa theluthi umetoka katika Hadithi ya Saad bin Abi Waqqas (R.A.) iliyopokelewa na Bukhari na Muslim.

Mfano wa hesabu: Mzee ameacha shilingi 3,000,000. Gharama za mazishi ni shilingi 300,000 na madeni yake ni shilingi 600,000. Kwanza yanatolewa hayo mawili, zinabaki shilingi 2,100,000. Theluthi yake ni shilingi 700,000, na hapo ndipo mwisho wa wasia. Kinachobaki wanagawana warithi kwa mafungu yaliyotajwa katika Surat An-Nisaa.

Jambo la pili: Kumtaja maiti. Siku ya tatu wazee walikaa kumzungumza marehemu, wakataja uaminifu na uhodari wake. Mjukuu aliyesafiri naye akaomba ruhusa, akasimulia kisa cha baiskeli. Baadhi ya wazee wakanong'ona kwamba si vizuri kutaja makosa ya maiti.

Wazee hao walikuwa na hoja. Bukhari amepokea kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza kuwatukana waliokufa, kwa kuwa wameshayafikia waliyoyatanguliza. Kwa hiyo mtu hana ruhusa ya kufukua aibu ya marehemu. Lakini kijana naye alikuwa na jawabu: babu mwenyewe ndiye aliyemuusia akisimulie, ili kila mwenye haki ya mtu shingoni mwake airudishe angali hai. Kosa ambalo mwenyewe amelitubia, akalilipa na kuruhusu litajwe kwa ajili ya mafunzo, kulitaja si kumtukana. Baada ya kushauriana, familia ilikubali kisa hiki kiandikwe kwenye jarida letu bila ya jina, ili mafunzo yapatikane na heshima ya marehemu ilindwe.

Na matunda yalionekana pale pale. Mmoja wa waliokuwapo, ambaye tumemsitiri, alikwenda jioni ile kwa jirani yake na kumaliza ugomvi wa mpaka wa kiwanja uliodumu miaka mingi.

6. SISI TUFANYE NINI?

Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika Hadithi ya Abu Huraira iliyopokelewa na Muslim, kwamba mwanaadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, au mtoto mwema atakayemuombea. Basi anayetaka kumkumbuka babu yake na afanye haya:

(i) Alipe madeni yake na kutekeleza wasia wake bila ya kuchelewa.

(ii) Amtakie radhi kwa watu aliokuwa na haki zao. Mjukuu anaweza kwenda kwa jirani au rafiki wa zamani na kumuomba amsamehe marehemu.

(iii) Amuombee dua kila siku, hasa baada ya swala.

(iv) Amtolee sadaka. Yule Saad bin Ubada, baba yake Qays tuliyemtaja, alifiwa na mama yake yeye akiwa hayupo. Akamuuliza Mtume (S.A.W.) kama sadaka itamfaa, akajibiwa ndiyo, akatoa shamba lake kuwa sadaka ya mama yake. Hadithi hii ameipokea Bukhari. Asiye na shamba na atoe hata ndoo ya maji ya udhu.

(v) Aunge undugu na marafiki wa marehemu.

(vi) Aiendeleze kazi njema aliyoiacha.

Katika hili la mwisho tunapenda kuwapa habari njema. Wiki ya kwanza baada ya mazishi, watoto walivuka barabara wenyewe, na mwanafunzi mmoja wa darasa la chini alinusurika kugongwa na pikipiki. Kikao cha wazazi kilikaa, na sasa ipo zamu. Kila siku saa nane mchana mzazi mmoja na wanafunzi wawili wa darasa la juu husimama pale barabarani. Filimbi ya Babu Afande familia imeikabidhi madrasa, nayo hutundikwa ofisini na kuchukuliwa na mwenye zamu. Orodha ya zamu ipo kwenye ubao wa matangazo. Bado siku za Jumatano na Alhamisi zina upungufu wa wazazi, na anayeweza kujitolea amwone mwalimu wa zamu.

MAZINGATIO

Ndugu wasomaji, kila mmoja wetu ana nguvu juu ya mtu fulani. Kaka mkubwa ana nguvu juu ya mdogo wake, monita juu ya darasa, mwalimu juu ya mwanafunzi, mama wa nyumba juu ya msichana wa kazi, mwenye duka juu ya mteja anayekopa. Yote hayo tutaulizwa. Na mwenye babu au bibi aliye hai asisubiri msiba. Amuulize leo kama ana deni, kama ana wasia, na kama yupo mtu anayetaka kupelekwa kwake. Huenda anaona haya kuomba nauli.

MASWALI YA MARUDIO

1. Eleza kipimo alichokiweka Mtume (S.A.W.) cha kutofautisha zawadi na kitu kilichopatikana kwa sababu ya cheo.
2. Taja masharti ya toba. Ni sharti lipi linaongezeka katika haki za waja?
3. Mtu aliyemdhulumu mwenzake akakuta ameshafariki, afanye nini?
4. Mzee ameacha shilingi 4,800,000. Mazishi yamegharimu shilingi 400,000 na madeni ni shilingi 800,000. Wasia wake unaweza kufika kiasi gani?
5. Kwa nini wajukuu wa Babu Afande waliofiwa na baba walihitaji wasia?
6. Ukiwa nyumbani: muulize babu, bibi au mzee wa jirani jambo moja jema alilolifanya kwa watu, kisha andika namna unavyoweza kuliendeleza.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amsamehe Babu Afande, ailaze roho yake mahali pema, awahifadhi wajukuu zake, na atujaalie sisi sote tuwe wenye kuzirudisha amana kabla ya kuulizwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.